Ukuta Kwanza, Projekta Baadaye: Jinsi Picha Zilivyorushwa Riyadh na Jeddah

Januari 2018, katika ukumbi wa utamaduni wa serikali mjini Jeddah, watoto na wazazi wao waliketi kutazama filamu mbili za katuni, The Emoji Movie na Captain Underpants. Vifaa vilivyotajwa na waandishi wa habari waliofika hapo havikuwa vingi: projekta, zulia jekundu na mashine ya bisi. Mwezi mmoja nyuma, Desemba 2017, serikali ya Saudi Arabia ilikuwa imetangaza kwamba marufuku ya kumbi za sinema, iliyodumu kwa zaidi ya miaka 35, imeondolewa. Ruhusa ilikuwepo lakini ukumbi wa sinema haukuwepo. Miezi mitatu baada ya onesho hilo la Jeddah, tarehe 18 Aprili, Riyadh ilifungua wake katika Wilaya ya Fedha ya King Abdullah kwa filamu ya Black Panther. Nao haukujengwa kwa ajili ya sinema: ulikusudiwa uwe ukumbi wa muziki wa okestra.

Matukio hayo mawili yanamhusu moja kwa moja fundi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu anayefunga projekta kwenye ukumbi wa harusi, darasani au kanisani. Kazi yake ni ile ile, kurusha picha mahali ambapo aliyepajenga hakuwa na picha akilini. Mazungumzo yetu kuhusu kazi hiyo huanza na lumeni, ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa boksi. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Hesabu ianzie pale mwanga unapotua, irudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mashine.

Tuchukue kitambaa chenye upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.8, yaani mita za mraba 14. Sinema za kidijitali duniani hulenga mng'ao wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba, ukipimwa katikati ya skrini picha ikiwa nyeupe tupu. Zidisha 48 kwa 14, kisha kwa 3.14, unapata lumeni zipatazo 2,100 kwa kitambaa cheupe cha kawaida. Ni namba ndogo. Projekta ya ofisini ya lumeni 4,000 inaifikia hata baada ya kupoteza karibu nusu ya nguvu yake inapowekwa kwenye hali ya rangi sahihi ya filamu. Kwa hiyo ukumbi kama ule wa Jeddah, kwa upande wa nguvu peke yake, hauhitaji mashine ya kutisha.

Tatizo ni taa za ukumbi. Zikiacha laksi 50 zitue juu ya kitambaa, kiasi ambacho mtu anakiona kama mwanga hafifu wa kutafutia kiti, nyeusi ya filamu inapanda hadi kandela 16 na nyeupe inafika 64. Nyeupe inakuwa mara 4 tu ya nyeusi, na sura za watu gizani zinageuka majivu. Nunua projekta yenye nguvu maradufu, uwiano huo unapanda hadi 7. Lakini zima taa zinazoelekea kitambaani, ziba madirisha kwa pazia zito, laksi zishuke hadi 5, na projekta ile ile ya kwanza inakupa uwiano wa 31. Pazia la dirishani limefanya kazi ambayo maelfu ya dola hayakuweza. Nimeona kamati nyingi zikichangisha fedha za projekta kubwa zaidi wakati ukumbi wao una dirisha la magharibi lisilo na pazia, na kila mara nasikitika, kwa sababu fedha hizo zingenunua spika.

Baada ya mwanga huja umbali. Kila lenzi ina uwiano wake, unaopatikana kwa kugawanya umbali wa kutoka lenzi hadi kitambaa kwa upana wa picha. Projekta nyingi za ofisini zina uwiano wa karibu 1.5, hivyo picha ya mita 5 inaitaka mashine ikae mita 7.5 mbele ya kitambaa. Ukumbi wa utamaduni wenye kina cha mita 20 unamweka fundi njia panda: aiweke mashine katikati ya watazamaji, au atafute lenzi ndefu yenye uwiano wa 4 na kuiweka nyuma kabisa. Katikati ya watazamaji kuna watoto wanaosimama, kuna mvumo wa feni, kuna kebo inayokatiza njia ya watu. Kuitundika darini huondoa hayo yote, ila picha huteremka kwa mshazari na kupanuka chini. Wengi hukimbilia kitufe cha kunyoosha picha kielektroniki. Kitufe hicho kinanyoosha kwa kupunguza: kinazima vidoti vya pembeni ili umbo lirudi kuwa mstatili, na ukali wa maandishi unashuka. Projekta yenye uwezo wa kusogeza lenzi yenyewe juu na chini huacha vidoti vyote kazini, na mimi ningelipia uwezo huo kabla ya kulipia lumeni za ziada.

Ukingo wa chini wa picha nao una uzito wake Saudi Arabia, maana filamu za kigeni huoneshwa na tafsiri ya Kiarabu iliyoandikwa chini. Kwenye sakafu bapa, kitambaa kikianza chini ya mita 1.3 kutoka ardhini, safu za nyuma zinasoma vichwa vya watu badala ya tafsiri. (Vibanda vya video vya kwetu vililitatua hilo kwa njia nyingine kabisa, kwa mtu mwenye kipaza sauti anayesimulia filamu kwa Kiswahili, kama Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya. Kwa mtambo, maana yake ni kwamba mikisa lazima iwe na nafasi ya maiki na mtu wa kushusha sauti ya filamu msimuliaji anapoanza.)

Sehemu inayowasumbua zaidi mafundi wanaosafiri kutoka Afrika Mashariki kwenda kufanya kazi ya video Jeddah au Riyadh ni umeme. Kwetu mkondo hubadilika mara 50 kwa sekunde. Saudi Arabia ni mara 60. Projekta na kompyuta za kisasa hazijali, kwa kuwa adapta zake zinapokea vyote viwili. Kamera inajali. Ukirekodi kwa picha 25 kwa sekunde, shata ikiwa 1/50 kama ulivyozoea Nairobi, chini ya taa zinazopepesa kwa mkondo wa 60, mistari ya kivuli inapanda na kushuka ndani ya picha. Weka shata 1/60 na mistari inatulia. Ikiwa kazi yote inaanzia huko, rekodi kwa picha 30 kwa sekunde na usahau habari hiyo.

Lipo na la kompyuta. Video ya harusi iliyohaririwa Mombasa kwa picha 25 ikichezwa na kompyuta inayotoa picha 60 kwa sekunde, hesabu haigawanyiki: picha nyingine zinaoneshwa mara mbili, nyingine mara tatu, na kamera inapofuata watu wanaotembea, mwendo unakwaruza macho. Watu huilaumu projekta. Dawa iko kwenye mipangilio ya kompyuta: ichague 50, maana projekta nyingi hupokea 50 bila kinyongo popote pale zilipo, iwe umeme wa ukutani ni wa 50 au 60.

Soketi nazo zipimwe. Saudi Arabia ilikuwa na volti 127 na 220 bega kwa bega kwa miongo mingi, kabla ya kuanza kuhamia 230. Kwenye jengo la zamani, soketi ya volti 127 inaweza kuiwasha projekta yako kubwa ya leza, lakini mashine hiyo itavuta mkondo karibu maradufu, na baadhi ya projekta kubwa hupunguza mwanga zenyewe zinapolishwa volti ndogo. Fundi asiyepima anakaa usiku kucha akitafuta kosa kwenye lenzi.

Kuhusu kebo sitakaa sana. HDMI ya shaba ni ya mita chache. Ukipita 10, hasa kwa picha za 4K, tumia kebo ya nyuzi za kioo au vifaa vya kupitisha picha kwenye kebo ya mtandao, ambavyo vinafika hata mita 100. Washa projekta kwanza, kompyuta baadaye, ili kompyuta ikute pa kusalimiana na kuchagua ukubwa sahihi wa picha. Kigawanya picha kisichoelewa ulinzi wa filamu kitakupa skrini nyeusi bila maelezo. Na ukisikia mvumo kwenye spika pindi unapochomeka kompyuta, chanzo mara nyingi ni kompyuta na mikisa kulishwa na saketi mbili tofauti. Ziunganishe kwenye soketi moja au weka kitenganishi cha sauti. Kamwe usikate waya wa ardhi.

Kwa ukumbi kama ule wa Riyadh wa Aprili 2018, ugumu ni wa sauti. Ukumbi wa okestra hujengwa ili sauti iendelee kuishi: fidla ikinyamaza, mwangwi wake unabaki hewani kwa karibu sekunde 2, na hapo ndipo muziki unapata joto. Sinema inataka kinyume chake. Ukumbi wa filamu wa ukubwa wa kati huhitaji mwangwi ufe ndani ya sekunde 1 au pungufu, la sivyo silabi moja inaikuta nyingine bado iko hewani na maneno yanageuka uji. Black Panther ni filamu yenye vishindo vizito na watu wanaozungumza kwa lafudhi ngeni kwa watazamaji wengi, huku wengine wakitegemea tafsiri. Mtu anayegeuza ukumbi wa namna hiyo hana budi kuvika kuta vitu vinavyomeza sauti, kutandika zulia, na kuelekeza spika kwa uangalifu ili zisipige dari na balkoni. Viti vyenye mito minene husaidia zaidi ya watu wanavyodhani, kwa kuwa kiti cha namna hiyo humeza sauti hata kisipokaliwa.

Kumbi za okestra pia hupenda mbao nyangavu. Mbao hizo zinapokea mwanga wa skrini na kuurudisha kwenye skrini ile ile, na nyeusi inaharibika hata kama hakuna taa iliyowashwa. Ndiyo maana kuta za sinema hupakwa rangi nzito isiyong'aa. Na nyuma ya skrini ya sinema, ambayo imetobolewa matundu madogo yasiyoonekana kwa mbali, hukaa spika ya maongezi, ili sauti ya mtu itoke mdomoni mwake. Kwenye ukumbi wa projekta ya kubeba, spika mbili hukaa pembeni, na aliye safu ya kulia anasikia kila mtu akizungumzia kulia. Kwa kazi kama ile ya Jeddah ya Januari, spika moja ndogo ya ziada chini ya katikati ya kitambaa, iliyopewa maongezi peke yake, inabadilisha ukumbi mzima.

Tofauti nyingine kati ya Jeddah ya Januari na Riyadh ya Aprili haionekani kwa mtazamaji. Sinema ya kibiashara hupokea filamu ikiwa imefungwa kwa msimbo, pamoja na ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi kwenye mtambo mmoja tu na kwa saa zilizotajwa tu. Saa ya mtambo ikikosewa, filamu haifunguki. Mwenye kompyuta na HDMI hana mzigo huo, lakini pia hana uhakika wa rangi wala sauti ambao mzigo huo huja nao.

Tukitoka nje ya kumbi, ukuta wenyewe ndio skrini, na hapa Riyadh na Jeddah zinaachana. Nje kidogo ya katikati ya Riyadh iko At-Turaif, mji wa kale wa Diriyah ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2010, na huko maonesho ya mwanga na sauti hurushwa juu ya kuta za Kasri la Salwa. Kuta hizo ni za matofali ya udongo. Kitambaa cheupe hurudisha karibu mwanga wote unaokipiga. Udongo wa kahawia hurudisha sehemu ndogo tu, pengine theluthi, hivyo kila mita ya mraba inataka mwanga mara 3 ili ilingane na kitambaa. Udongo pia hula buluu kuliko nyekundu. Picha ya anga la mchana, ikirushwa ilivyo, inatoka ikiwa kijivu cha matope. Mtengenezaji wa picha ana njia mbili: kuongeza buluu mpaka ibaki kidogo, au kuikubali rangi ya ukuta na kutunga kwa dhahabu, nyekundu na nyeupe, akiutumia udongo kama wino wa msingi. Ya pili ndiyo ninayoiamini. Ukuta wa miaka mia kadhaa una rangi yake, na picha inayoshindana nayo hushindwa.

Jengo la urithi halitobolewi. Kwa kazi ya namna hiyo mashine hukaa mbali, ndani ya vibanda vyenye kiyoyozi, na lenzi hutazama kupitia kioo. Kwanza jengo hupimwa kwa leza mpaka lipatikane umbo lake ndani ya kompyuta, kila dirisha na kila ufa. Kisha gridi ya mistari hurushwa juu ya ukuta halisi na kuvutwa nukta kwa nukta hadi mstari wa kompyuta ukae juu ya ukingo wa jengo. Ukuta mrefu huhitaji projekta kadhaa, na picha za majirani hupishana kwa asilimia 10 hadi 20, kila moja ikififia taratibu ndani ya eneo la kupishana ili macho yasione mshono. Mshono huonekana kwenye picha za giza, kwa sababu projekta haiwezi kutoa nyeusi kamili, na pale mbili zinapopishana kijivu kinakuwa maradufu. Mtungaji mwenye uzoefu hasimamishi picha yake kwenye giza tupu. Anaijaza nyota, vumbi au moshi.

Jeddah ya kale, Al-Balad, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2014, ni ukuta wa aina nyingine. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya Bahari ya Shamu, zikapakwa chokaa, na mbele yake zimetokeza rawashin, yale madirisha makubwa ya mbao zilizochongwa. Chokaa nyeupe ni zawadi kwa projekta. Rawashin ni mtihani. Mbao mara nyingi ni za rangi nzito, zimetokeza mbele ya ukuta, na mashine moja ikisimama upande mmoja, kila dirisha linatupa kivuli kirefu upande wa pili. Nyumba ya Nassif, iliyokamilika mwaka 1881, ina safu za madirisha hayo na mwarobaini mkubwa ubavuni. Anayetaka kuivika picha nyumba kama ile anahitaji angalau mashine mbili kutoka pande mbili, na picha iliyokatwa ili mbao ziachwe gizani au zipewe mwanga wake peke yake. Vichochoro vya Al-Balad ni vyembamba, kwa hiyo lenzi ndefu haina pa kusimama. Kazi hapo ni ya lenzi fupi sana, na lenzi fupi husamehe kidogo: ikisogezwa sentimita moja, picha juu ya ukuta inahama vibaya.

Tamasha la Filamu la Bahari ya Shamu lilipofanyika kwa mara ya kwanza, Desemba 2021, liliwekwa humo humo Al-Balad, kwenye kumbi za muda. Mwezi uliochaguliwa ni nusu ya ufundi. Julai, Riyadh hufikia nyuzi joto 43 mchana, na projekta nyingi zimeandikwa kikomo cha 40. Jeddah haina joto kali kiasi hicho ila ina unyevu wa bahari: mashine ikitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kufunguliwa nje papo hapo, lenzi inafunikwa na umande, na ukiifuta kwa kitambaa unaipaka chumvi. Itoe saa moja kabla, iache ndani ya sanduku lake lililofungwa mpaka kioo kipate joto la nje. Riyadh adui ni vumbi, hasa miezi ya Machi hadi Mei. Chujio lisafishwe kila siku ya kazi, na kama kuna uwezo chagua mashine ya leza ambayo sehemu yake ya kutengeneza picha imezibwa kabisa. Tamasha la mwanga la Noor Riyadh lilianza Machi 2021. Matoleo yaliyofuata yamehamia Novemba na Desemba, na fundi yeyote aliyewahi kukung'uta chujio jangwani ataelewa faida yake. Nairobi nayo ina adui wake asiyetajwa: iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na projekta nyingi zina hali maalumu ya feni kwa nyanda za juu ambayo watu hawaiwashi.

Teknolojia hii imefika mbali Jeddah. Juni 2024, pembezoni mwa Al-Balad, ilifunguliwa teamLab Borderless, makumbusho ya mita za mraba zipatazo 10,000 ambamo kuta na sakafu zimefunikwa na picha zinazoitikia nyendo za watu. Fedha zilizotumika huko hatuna. Lakini ukuta wa Al-Balad tunao. Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa zimejengwa kwa matumbawe na chokaa vile vile, na Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limeonesha filamu ndani ya Ngome Kongwe kwa miaka mingi, nje, chini ya anga la Julai.

Ngome Kongwe kero kubwa ni upepo. Kitambaa cha mita za mraba 14, upepo ukivuma mita 10 kwa sekunde, kinasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa mtu mzima, na nguzo zisizofungwa kamba nyuma na mbele zitalala. Ukuta wa chokaa hauhitaji kamba. Sehemu iliyo laini, iliyopakwa chokaa upya, isiyotazamana na taa za barabarani, inaweza kubeba picha ya mita 5 kwa projekta ya kawaida ya ofisini, na hesabu ile ya lumeni 2,100 inaongezeka kidogo tu. Kinachohitajika kabla ya yote ni ruhusa ya mamlaka ya hifadhi, mita ya mwanga ya kupima laksi ukutani saa mbili usiku, na mtu wa kuzungumza na wenye maduka ya jirani ili taa zao zizimwe kwa saa mbili.